Sambusa za Nazi: Urithi wa Jikoni

Katika mambo wanayotuachia wazee wetu, yako yanayogawanywa kwa sheria ya mirathi, kama vile nyumba, shamba na fedha. Na yako yasiyogawanywa wala kuandikwa, ambayo mtu huyapata kwa kukaa karibu na wazee wake tu. Haya ya pili hupotea upesi kuliko yale ya kwanza. Nyumba hubaki imesimama hata mwenyewe akifa, walakini ujuzi uliomo katika mikono ya mtu hutiwa kaburini pamoja naye, asipokuwapo aliyejifunza kwake. Leo twataka kusema na wasomaji wetu, wazazi na vijana, juu ya urithi mmoja wa namna hiyo, nao ni sambusa za nazi, zile tamu zilizokuwa zikipikwa majumbani siku za Ramadhani na Sikukuu.

Huenda msomaji akauliza: "Gazeti la Waislamu lina haja gani na sambusa?" Jawabu letu ni kwamba futari imeshikamana na saumu, na kumfuturisha aliyefunga ni jambo lenye thawabu kubwa. Tena udugu wa jirani na jirani, ambao dini yetu imeuhimiza sana, mara nyingi hupita juu ya sahani ya chakula. Na nyumba ambayo mkubwa na mdogo hukaa chini pamoja wakafanya kazi moja kwa mikono yao, huwa na mazungumzo ambayo hayapatikani katika nyumba ambayo kila mmoja amejifungia chumbani na simu yake. Basi jambo hili, ingawa laonekana dogo, lina mizizi mirefu.

Sambusa tunayoikusudia hapa si ile ya nyama iuzwayo kila mtaa. Hii ni ndogo, ya pembe tatu, na ndani yake mna nazi iliyokunwa ikapikwa kwa sukari na iliki, na pengine zabibu na lozi. Huliwa baada ya sala ya Magharibi pamoja na chai ya rangi au kahawa chungu, ili uchungu wa kinywaji uupunguze utamu wa kitafunio.

ASILI YA SAMBUSA

Jina hili la sambusa limetoka katika lugha ya Kiajemi, likaingia katika Kiarabu, kisha likaenea kila mahali walipofika wafanya biashara na wasafiri wa Kiislamu. Mwaka 1226, yaani mwaka 623 wa Hijria, mtu mmoja wa Baghdad aitwaye Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi. Huyu alizihesabu starehe za dunia mafungu sita, akakiweka chakula kuwa ndicho bora yao. Katika kitabu hicho ameeleza sambusa ya nyama, kisha akaeleza namna nyingine ambayo badala ya nyama hutiwa sukari na lozi zilizosagwa, zikakandwa kwa maji ya waridi. Kwa hiyo sambusa tamu si jambo lililozuliwa na watu wa leo. Umri wake wakaribia miaka 800, na huenda ni zaidi ya hapo.

Miaka 105 baada ya kitabu kile, yaani mwaka 1331, msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita katika pwani yetu, akafika Makadishu, Mombasa na Kilwa. Huko Makadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maembe na tangawizi. Baadaye alipofika Delhi katika Bara Hindi, akaiona sambusa katika karamu ya mfalme, akaieleza kuwa ni nyama iliyosagwa ikapikwa pamoja na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mtu aliyekula chakula cha pwani yetu na cha Delhi katika safari zake angeweza kutuambia jinsi njia ya bahari ilivyoziunganisha nchi hizi. Sukari, iliki na zabibu zilisafiri kwa njia hiyo hiyo. Nazi, ambayo huota mbele ya mlango wa mtu wa pwani, ilichukua mahali pa lozi, ambazo hununuliwa dukani kwa bei kubwa.

Wala si sisi peke yetu tulio na desturi hii ya kufunga utamu ndani ya unga kwa ajili ya mwezi mtukufu na Idi. Misri wana kahk, na katika zama za Mafatimi, waliotawala huko tangu mwaka 969 hata 1171, palikuwa na nyumba maalumu katika mji wa Kairo iitwayo Dar al-Fitra, ambamo vitamu vya Idi vilitengenezwa vikagawiwa watu. Katika nchi za Sham wana maamul, ambayo hujazwa tende, jozi au pistachio na kupigwa chapa katika kibao cha mti kilichochongwa. Iraki wana kleicha ya tende. Kote huko desturi ni moja: siku chache kabla ya Sikukuu, mama, dada, shangazi na watoto huzunguka sinia moja, mmoja akikanda, mmoja akijaza, mmoja akihesabu.

Yatupasa tukumbuke jambo moja juu ya kile kitabu cha Baghdad. Miaka 32 tu baada ya kuandikwa kwake, mwaka 1258, Wamongoli waliuteka mji ule, wakaua watu wengi na kuharibu mengi. Wapishi waliokuwa wakiyajua mapishi yale kwa mikono yao hatujui hata majina yao. Lakini kitabu kilisalimika, kikapigwa chapa huko Mosul mwaka 1934, na kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1939, na hata leo mtu aweza kukifungua akapika. Kalamu ilihifadhi kile ambacho kuta za mji hazikuweza kukihifadhi.

MWAKA WA FOLENI

Mimi nililelewa Unguja, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama, na kazi yangu katika Ramadhani ilikuwa ni kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi baada ya sala ya Alasiri, nazi mkononi na sinia chini, na bibi akinikumbusha kila mara nisikune hata kulifikia ganda, kwani weusi wa ganda huiharibu nazi. Dada zangu walisukuma manda, na mama zetu wakakaa karibu na seredani.

Wasomaji wenye umri wataikumbuka hali ya chakula katika Visiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchele, unga wa ngano na sukari vilikuwa adimu, vikigawiwa kwa kipimo, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Ramadhani ya mwaka 1971 iliangukia miezi ya Oktoba na Novemba, nami nilikuwa na miaka minane. Mwezi mzima hatukuona sambusa za nazi hata siku moja. Usiku wa kuamkia Idi, bibi alitoa unga aliokuwa akiuweka akiba kidogo kidogo, akapika sambusa 16. Nane alizipanga katika sahani, akaifunika kwa kitambaa cheupe, akampelekea jirani mjane aliyekuwa na watoto watano. Nane zilizobaki tuligawana watu kumi na wawili.

Ladha ya nusu ile niliyopewa haikunitoka tena. Rangi ya nazi yake ilikuwa nyeusi kidogo, na utamu wake ulikuwa mzito, wenye harufu kama ya moshi na asali. Tangu bibi alipofariki, kila sambusa niliyokula niliipima kwa ile, na hakuna iliyofanana nayo. Tena si mimi tu. Jamaa zetu wametawanyika, wengine wako Mombasa, wengine Dar es Salaam, wengine Muscat, na kila wakikutana hubishana. Wa Mombasa wasema bibi alitia zabibu nyingi. Wa Dar es Salaam wasema hakutia zabibu kabisa. Wa Muscat hutia tende, na huapa kwamba ndivyo walivyofundishwa. Kila nyumba yadai kuwa ndiyo iliyoshika asili.

MIZANI NA MKONO

Katika mabinti wa bibi amebaki mmoja tu, naye ni mama yetu mkubwa. Umri wake umepita miaka 80. Mikono yake yatetemeka, macho yake yamepata utando, na kwa miaka mingi sasa ana ugonjwa wa kisukari, kwa hiyo hapika tena vitamu wala havionji. Mwezi wa Shaaban uliopita tulimwendea, mimi na mjukuu wangu, binti wa miaka 16, ambaye alichukua daftari na mizani ndogo ya jikoni.

Binti akamwamkia, "Shikamoo, Bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu, hiyo mizani ya nini? Wauza dhahabu?"

Tulipomweleza haja yetu, akacheka. Akasema: "Nazi mbili, sukari konzi nne, iliki chembe kumi na mbili. Zaidi ya hapo sijui mimi, wajua mkono."

Mjukuu akamwambia, "Basi, Bibi, kila utakachokishika ukitie kwanza katika bakuli langu, kisha ndipo kiingie chunguni."

"Haya," akajibu mzee, "wewe pima, mimi nipike. Lakini moto hauna mizani."

Basi akachota sukari konzi ya kwanza, ikatokea gramu 52. Ya pili ikawa 49, ya tatu 51, ya nne 50. Mkono ule unaotetemeka hata kikombe cha chai hukishika kwa shida, lakini katika konzi nne haukupishana zaidi ya gramu tatu. Mjukuu wangu aliandika hesabu ile, akanitazama, asiseme neno.

Ilipofika wakati wa kupika nazi, tuliona ajabu nyingine. Mama Mkubwa hakuweza kuiona rangi ya nazi vizuri, wala hakuweza kuionja. Aliinamisha sikio karibu na chungu. Akatueleza kwamba nazi yenye maji husema, na nazi iliyokauka hunyamaza. Mwanzo palikuwa na sauti ya kuchemka, kama mvua juu ya makuti. Baada ya dakika kadhaa sauti ikapungua, kisha ikabaki mkwaruzo wa mwiko tu. Hapo akasema, "Epua." Tukaepua, na nazi ilikuwa imekauka barabara bila ya kuungua.

Ndipo nikamwuliza juu ya zile sambusa nyeusi. Nikamwambia kwamba hizi zake ni nzuri, lakini za bibi zilikuwa na rangi na harufu nyingine. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Zile za mwaka wa foleni?"

Nikasema, "Ndizo."

Akasema, "Mwanangu, mwaka ule hatukuwa na sukari. Mama alitia sukari guru, kipande alicholetewa kutoka shamba. Alikuwa akiona haya kumpelekea jirani, akasema nazi imekuwa nyeusi kama ya mtu asiyejua kupika. Miaka mingine yote alitia sukari nyeupe. Zabibu akipata hutia, akikosa hatii. Mwaka mmoja alitia tende."

Kwa maneno hayo machache, ubishi wa miaka mingi ulikwisha. Wa Mombasa walikuwa na haki, na wa Dar es Salaam, na wa Muscat pia. Kila mmoja alishika mwaka mmoja wa maisha ya bibi, akadhani ndiyo maisha yote. Nami ladha niliyoitafuta kwa zaidi ya miaka hamsini, nikiidhania kuwa ni ya wakati wa neema, kumbe ilikuwa ni ladha ya mwaka wa dhiki, iliyopikwa na mwanamke aliyekuwa na kidogo akakigawa nusu kwa nusu na mwenye kidogo kuliko yeye. Asili ya sambusa za nyumba yetu haikuwa zabibu wala sukari guru. Ilikuwa ni ile sahani iliyofunikwa kwa kitambaa cheupe, ikatangulia kwenda kwa jirani kabla ya sisi kula.

VIPIMO

Haya ndiyo yaliyoandikwa katika daftari la mjukuu wangu, nasi twayatoa hapa kwa manufaa ya kila nyumba. Hutoa sambusa ndogo 48.

Kwa manda: unga mweupe wa ngano gramu 500, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu kiasi cha mililita 290, mafuta kidogo na unga mkavu wa kupakia.

Kwa ndani: nazi mbili kubwa zilizokomaa, ambazo zikikunwa hutoa kiasi cha gramu 500, sukari gramu 200, iliki chembe 12, zimenywe na kutwangwa, samli kijiko kimoja cha kulia, zabibu gramu 75 na lozi zilizokatwakatwa gramu 50 kwa mwenye kupenda na kupata.

Tena unga vijiko vitatu uliokorogwa kwa maji ukawa mzito kama uji, kwa kugandishia. Na mafuta ya kukaangia.

NAMNA YA KUFANYA

Anza na nazi. Chagua iliyokomaa, kwa maana dafu na koroma zina maji mengi. Ikune nyama nyeupe tu. Usiikamue tui, kwani ukiikamua utabaki na chicha isiyo na ladha wala mafuta. Yeyusha samli kwa moto mdogo, tia nazi na sukari pamoja, ukoroge bila kuacha. Sukari itayeyuka na nazi itatoa maji, nawe utadhani umeharibu, endelea kukoroga. Baada ya dakika 10 hata 15 maji yatakauka na nazi itaanza kushikana. Sikiliza chungu kama alivyotufundisha Mama Mkubwa. Tia iliki, zabibu na lozi mwisho, kwa maana iliki ikipikwa muda mrefu harufu yake hupotea. Mimina katika sinia, tandaza, uache ipoe kabisa.

Sababu ya kukausha na kupoza ni hii: maji yakibaki ndani, yakikutana na mafuta ya moto hugeuka mvuke, na mvuke hutafuta njia ya kutoka. Hupasua manda, sukari humwagika ndani ya mafuta, huungua, na sambusa zote zinazofuata hutoka na madoa meusi na ladha chungu. Na nazi ikitiwa ingali na joto, hulowesha manda kabla hayajafika karaini.

Sasa manda. Changanya unga na chumvi, tia maji kidogo kidogo, ukande dakika 10 hata donge liwe laini lisiloshika mkononi. Lifunike, liache lipumzike nusu saa, ili liweze kusukumika bila kurudi nyuma. Gawa madonge 12 yaliyo sawa. Sukuma kila donge liwe kama kisahani cha kikombe. Chukua moja, lipake mafuta, lirashie unga mkavu, ulifunike kwa la pili, na hivyo hivyo hata upate jozi sita. Kisha sukuma kila jozi pamoja iwe duara jembamba la sentimita 25 hivi.

Weka jozi hiyo juu ya chuma cha chapati kisicho na mafuta, kwa moto wa kiasi, nusu dakika kila upande. Usingoje ipate rangi. Yatakiwa iive kidogo tu, isije ikavunjika wakati wa kukunja. Iondoe, na ingali na joto itenge manda mawili moja kutoka kwa jingine. Yale mafuta na unga uliopaka ndivyo vitakavyokuwezesha. Kata kila duara vipande vinne, uvifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Kufanya mawili kwa pamoja kuna faida: upande mmoja wa kila manda haugusani na chuma, hubaki laini, na moto mmoja hufanya kazi ya mara mbili.

Kunja kila kipande kama kikombe cha karatasi cha muuza njugu, gandisha ubavu kwa ule uji wa unga, tia nazi kijiko kimoja, usishindilie, kisha funga mdomo na kubana pembe zote tatu. Pembe ndizo zinazovujisha. Bibi alikuwa akiinua kila sambusa mbele ya taa ya chemni. Akiona mwangaza katika pembe, huirudisha kwa aliyeikunja.

Kaanga kwa mafuta mengi na moto wa wastani. Jaribu kwa kutia kipande kidogo cha manda: kikipanda polepole na mapovu madogo, mafuta ni tayari, kikiwa rangi ya kahawia mara moja, moto ni mkali. Tia chache kwa mara moja, uzigeuze, uziopoe zikiwa na rangi ya dhahabu, zichuje mafuta. Ukitaka kuzihifadhi, ni bora uziweke mbichi katika barafu, ukaange kiasi cha haja ya siku ile. Nazi iliyopikwa isiachwe nje usiku kucha katika joto la pwani, kwani huchacha upesi.

AFYA NA KIASI

Baada ya kueleza utamu, hatuna budi kusema juu ya hatari yake. Ugonjwa wa kisukari umeingia katika nyumba nyingi, na mfungaji aliyekaa na njaa mchana kutwa ni rahisi kupita kiasi jioni. Hesabu yetu hapo juu yaonyesha kwamba sambusa moja ina sukari kiasi cha gramu 4, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, mbali ya ile iliyomo katika zabibu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isifikie sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kiasi cha gramu 50, na kwamba kupunguza hata nusu ya hiyo ni bora zaidi. Basi sambusa mbili au tatu kwa mtu mzima mwenye afya si neno, ikiwa hazikuongozana na kaimati sahani nzima na soda juu yake. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari kuliko sambusa saba.

Ama mgonjwa wa kisukari, afuate maneno ya daktari wake, wala jamaa wasimshurutishe kwa kumwambia, "Onja kidogo, ni Idi." Mama Mkubwa alipika sambusa 48 na hakuonja hata moja, wala hatukumlazimisha. Furaha yake ilikuwa katika kuzisikia zikivunjika katika vinywa vya watu.

Tena tujihadhari na israfu. Futari yenye sahani 15 ambazo nusu yake humwagwa haifanani na mwezi wa saumu. Pika ulacho, na ulichozidisha kipeleke kabla hakijapoa.

WASIA KWA WAZAZI NA VIJANA

Enyi vijana, katika kila ukoo yuko mzee ambaye mkono wake wajua jambo ambalo hakuna mwingine alijuaye. Huenda ni sambusa, huenda ni halua, huenda ni kushona kofia au kusuka mkeka. Mwendeeni angali hai na akili yake ingali timamu. Msimwambie tu "nieleze," kwa maana mengi hawezi kuyaeleza. Kaeni naye afanye, nanyi mpime, mwandike, mwulize kwa nini, kisha mfanye mbele yake hata atosheke. Simu zenu zaweza kuihifadhi sauti yake na picha ya mikono yake. Itumieni kwa kheri hiyo.

Na wala msidhani kuwa jambo hili ni la wasichana peke yao. Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao, basi ni kijana gani aliye bora kuliko yeye hata aone haya ya kukuna nazi?

Nanyi wazazi, msiwafukuze watoto jikoni kwa kuhofia kwamba watachafua au watachelewesha futari. Mtoto wa miaka saba aweza kumenya iliki, wa miaka kumi aweza kugandisha pembe. Sambusa zake za kwanza zitakuwa zimepinda. Zikaangeni, mziweke juu ya sahani.

Na katika kufundisha, fundisheni kwanza sahani ya jirani. Jirani aliyeletewa hurudisha sahani ile na chochote alichonacho, hata kama ni embe mbili au konzi ya karanga, na kwa kwenda na kurudi huko watu hujuana hali: nani anaumwa, nani hana, nani amefiwa. Twaishi sasa katika nyumba zenye milango ya chuma, na wako watu wasiojua jina la anayelala nyuma ya ukuta wao. Ramadhani hii, kabla ya kuitia ya kwanza kinywani, hesabuni za kwenda nje, muwape watoto wazipeleke wenyewe, waamkie, warudi.

Mwenyezi Mungu azirehemu roho za bibi zetu waliokuwa na kidogo wakakigawa, awape afya wazee wetu waliobaki, na atujaalie sisi na watoto wetu kuwa warithi wema wa mikono yao. Amin.